Nishani Katika Pindo la Kitenge

Zrrrp.

Ilikuwa zipu. Ilifungwa kutoka miguuni kwenda kichwani kwa mvuto mmoja, haraka, kama mtu anayefunga begi huku gari linaondoka. Ndani ya mfuko ule mweupe alilazwa Skolastika. Feliksi Ntabaliba, mumewe, alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuusikia mlio na mbali kiasi cha kutoweza kumgusa, pale gatini Kigoma, nguo zimemlowa dawa waliyompulizia. Alitaka kusema neno moja tu: ngojeni. Wangoje afungue fundo lililokuwa kwenye pindo la kitenge cha mkewe, achukue kilichomo, kisha wafunge mfuko wao. Lakini wale watu wa barakoa na mabuti ya mpira walikuwa na maiti wengine wanaowasubiri, na yeye siku ile alikuwa na sababu ya kunyamaza. Akanyamaza.

Kilichokuwa ndani ya fundo ni nishani yake ya vita.

Miaka imepita tangu mwaka ule Warundi walipovuka kwa maelfu, na mpaka leo Agnesi, binti yake, aliyesimuliwa tu mlio ule, hanunui mkoba wenye zipu. Anatumia kikapu.

Nishani ile Feliksi aliitafuta kwa miguu yake mwenyewe. Alizaliwa Kagunga, kijiji cha mwisho wa nchi upande wa kaskazini, ambako mlima umelisukuma ziwa na ziwa limeusukuma mlima, na watu wamebaki katikati kwenye utepe wa mchanga. Ukitembea kidogo uko Burundi. Ng'ombe hawajui mpaka ulipo, na bibi wa pale huwa na shangazi ng'ambo. Redio ilipotangaza kwamba nchi imevamiwa kule Kagera, Feliksi alikuwa kijana mvuvi wa dagaa, hajaoa, hajawahi kuvaa kiatu kwa wiki nzima. Alipanda boti la kwenda mjini akajiandikisha mgambo wa kwenda vitani. Wenzake walimcheka.

"Utawapiga na nini, kasia?"

"Nitawapiga na hilohilo."

Hakuna aliyemwita. Hilo ndilo alilopenda kulisema baadaye, na ndilo pekee alilojivunia: wengine waliitwa, yeye alikwenda. Alitembea nchi ya watu hadi magoti yakavimba. Alilala kwenye mafunjo ya Lukaya, kule Uganda, maji yamemfika kiunoni, bunduki ameinyanyua juu kama mama anayevuka mto na mtoto. Humo kwenye mafunjo alikufa Oswald, kijana wa Bangwe aliyekuwa akigawana naye kila biskuti, na Feliksi alimzika kwa mikono yake akisaidiwa na Saidi wa Ujiji. Walikwenda watatu, wakarudi wawili. Kisha siku moja waliporudi wakapangwa mstari kwenye uwanja, bendi ikapiga, na mkono wa mkubwa mmoja ukambandika kifuani kipande cha shaba chenye utepe. Hakikuwa na jina lake. Vyote vilifanana, kama dagaa.

Skolastika ndiye aliyeipa nishani ile thamani. Alikuwa binti wa Kagunga, mwenye kicheko kilichotangulia mwili kufika. Alipoolewa aliikuta imetundikwa msumarini, imeshika kutu ya kijani, akaishusha. Tangu hapo kila mwaka siku ya mashujaa aliisugua kwa jivu na ndimu hadi ikawaka.

"Shaba hii inanimalizia ndimu zangu," alilalamika. "Mashujaa wenzako wanakunywa bia, wewe unakunywa ndimu."

"Niache mwanamke. Nimeipigania nchi."

"Basi iambie nchi ilete ndimu."

Walizeeka hivyo. Agnesi akakua, akaolewa Kibirizi, akawa mwanika dagaa. Wazee wakabaki wawili Kagunga, na walidhani ndiyo imetosha.

Ndipo Warundi wakavuka. Walishuka mlimani na vitanda, na mbuzi, na watoto wamefungwa migongoni na vifuani, hata mchanga wa Kagunga ukapotea chini ya miguu ya watu. Maji ya kunywa yalikuwa ziwa, na choo kilikuwa ziwa hilohilo. Skolastika aliwapikia uji. Feliksi alimwambia aache, naye akajibu, "Niachaje? Wameketi mlangoni kwangu." Asubuhi moja alianza kuharisha maji meupe. Jua lilipofika utosini macho yalikuwa yameingia ndani na sauti imekauka.

Zahanati ilikuwa imejaa hadi nje. Barabara ya gari hakuna. Maboti ya abiria yaliona mgonjwa wa kipindupindu amelazwa kwenye mkeka, yakang'oa nanga. Ilibaki meli iliyokuwa ikija kuchukua wakimbizi kuwapeleka mjini, ambako kulikuwa na hema la wagonjwa na dripu. Wakimbizi waliopanda kwenye mitumbwi kuifuata waliulizwa swali moja tu: mmetoka kilima gani?

Feliksi alitazama kifuani. Nishani ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ameichukua pamoja na rozari, vitu ambavyo mtu huchukua nyumba inapoungua. Mrundi mwenye nishani ya Tanzania! Wangempekua wamkute nayo, wangemwacha mchangani yeye na mgonjwa wake. Akainama kwa mkewe. Skolastika alielewa bila kuambiwa. Kwa vidole vilivyokunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima alishika pindo la kitenge, pale ambapo mwanamke hufunga hela ya soko, akaiweka nishani, akafunga fundo.

"Nitakutunzia," alisema.

Feliksi akamgeukia mwenye mtumbwi. "Turi Abarundi," alisema. Sisi ni Warundi. Kiha na Kirundi ni ndugu, ulimi wake haukukwama popote. Alitaja kilima cha ng'ambo alichokuwa akikiona kila siku tangu utoto, akampa mkewe jina jingine la pili, Nahimana, na wakapakiwa.

Alimfia mikononi kabla taa za Kigoma hazijaonekana.

Gatini walimtoa mikononi mwake. Mlio ukalia. Kisha kijana mmoja mwenye kimashine akauliza kwa sauti, "Ndugu wa marehemu huyu ni nani?" Lori la makaburini lilichukua ndugu walioandikishwa ukimbizi peke yao, wengine wote walizuiwa kwa kuogopa ugonjwa. Feliksi alikuwa na nafasi ya kurudi kuwa Mtanzania palepale. Meli ilikuwa imefika, mgonjwa hakuwepo tena wa kuokolewa. Lakini angesema ukweli, Skolastika angeshushwa shimoni na watu wasiomjua, bila ndugu hata mmoja. Akanyoosha mkono. Wakabonyeza vidole vyake kwenye kioo kimoja kimoja, wakampiga picha, wakampandisha lori. Alimzika nje ya mji, kwenye kipande cha ardhi walichotengewa wakimbizi, akiwa mume wake kwa jina la uongo. Kesho yake alitoroka kwenye uwanja walikokusanywa, akatembea hadi Kibirizi kwa Agnesi, akamweleza yote, akalala siku mbili.

Walidhani yameisha.

Yalirudi pole pole. Vitambulisho vya taifa vilipokuja, Feliksi alipanga foleni kama wengine, akaweka kidole, na mashine ikajibu kwamba mtu huyu yumo tayari: ni Mrundi, wa kilima fulani, mgane. Wakamwambia aende, ataitwa. Agnesi naye akaambiwa asubiri kwa sababu ya baba yake. Kisha watoto wa Agnesi kwa sababu ya mama yao. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna leseni, hakuna shule ya mbele. Wakati huohuo ziwa lilikuwa likipanda, limekula nyumba za mstari wa kwanza pale Kibirizi pamoja na nusu ya chanja za Agnesi za kuanikia dagaa, na wachuuzi waliokuwa wakigombea nafasi walipata neno la kumtupia.

"Sogeza chanja zako huko, Mrundi wewe. Kwenu mwisho wa mwezi."

Maana ilikuwa kweli kwamba Warundi wanarudishwa kwao. Na mwaka huu wito ukaja: Feliksi afike ofisini na ushahidi, kabla ya mwisho wa mwezi, au jina lake liende na la wenzake.

Ushahidi ulikuwa mmoja ardhini na mwingine Ujiji. Feliksi alianza na wa Ujiji.

Saidi alikuwa ameketi kwenye kibaraza chake, kofia ya viua kichwani, kanzu nyeupe kama jino. Ndani mkewe Kuruthumu alikuwa akipika samaki wa migebuka kwa mawese na harufu ilijaza kichochoro. Hawakuwa wameonana muda mrefu, wazee hawa, magoti yaliwazuia.

"Hodi hapa kwa Waswahili wavivu," Feliksi alisema.

Saidi aliinua uso, akafurahi kwa heshima, kama mtu anayefurahia mgeni yeyote. "Karibu, karibu. Nani wewe?"

"Macho hayo, Saidi? Mimi Feliksi. Feliksi wa Kagunga. Tulikuwa wote Lukaya."

Uso wa Saidi ukabadilika. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ulimjua Feliksi?"

"Ndiye mimi."

"Yule Muha mfupi? Mchoyo wa sigara?" Saidi alicheka, kisha akavua kofia. "Alikufa yule. Kwenye mafunjo. Nilimzika mwenyewe."

"Uliyemzika ni Oswald, bwana. Tulimzika mimi na wewe."

"Oswald yuko Bangwe, ana watoto. Nakwambia Feliksi tulimfunika na shati langu. Mpaka leo najiuliza kama nyumbani kwao waliambiwa." Machozi yakamtoka, mazito, ya kweli. "Ndugu yangu, kama unafahamiana na watu wa Kagunga, wape pole. Waambie hakuteseka."

Feliksi hakujua la kufanya na pole yake mwenyewe. Akaipokea. "Nitawaambia," alisema.

Kuruthumu alitoka jikoni akijifuta mikono, akayaona machozi ya mumewe. Akamvuta Feliksi pembeni.

"Ndivyo alivyo, Baba Agnesi. Mimi mwenyewe juzi kaniuliza mama yake ameenda wapi. Usimpeleke mbele za watu, shemeji. Atakuua pale kwa kiapo, aseme ulishazikwa."

"Nimeona."

Kuruthumu aliingia ndani, akarudi na kitu amekikunja kwenye kitambaa. Ilikuwa nishani ya Saidi. "Yako na yake zilifanana, si ndiyo? Chukua. Nani atajua?"

Feliksi aliishika. Uzito ulikuwa uleule, ubaridi uleule. Ilikuwa imefifia, nyumba hii hakukuwa na mtu wa jivu na ndimu. Kwa muda vidole vyake viligoma kufunguka. Kisha akairudisha.

"Nilishadanganya mara moja, shemeji. Unaona uongo huo uliponifikisha."

"Basi kula migebuka."

Alikula. Kutoka kibarazani alimsikia Saidi akimsimulia mpita njia jinsi rafiki yake wa Kagunga alivyokufa kishujaa.

Siku ya wito Agnesi alimpigia pasi shati, akafunga safari naye. Ofisi ilikuwa na feni isiyozunguka na benchi la watu waliozungumza kwa kunong'ona, kila mmoja akijitahidi kutamka Kiswahili chake bila lafudhi. Aliyewaita ni kijana aliyeitwa Elia, mtu wa Kasulu, shati limenyooka, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimelisoma faili lako mara nyingi," Elia alisema. "Mashine inasema kidole ni cha Mrundi."

"Kidole ni changu. Maneno ndiyo hayakuwa yangu."

Akamweleza. Hakupunguza kitu. Alipofika kwenye pindo la kitenge Elia aliacha kuandika.

"Kwa hiyo nishani iko kaburini."

"Iko na mke wangu. Nipe ruhusa tu. Jembe ninalo, nitachimba mwenyewe. Fundo lake nalijua."

"Makaburi ya kipindupindu hayafukuliwi, Mzee."

"Nitavaa hiyo mifuko ya mikononi."

"Hata ukivaa." Elia alishusha sauti. "Na tufanye tumefukua, tukaikuta. Haina jina. Nitaandika nini? Kwamba mkimbizi mwanamke alikutwa na nishani ya Tanzania. Yeye aliyelala huko nitakuwa nimemfanya mwizi, na wewe nitakuwa sijakusaidia."

Feliksi aliitazama mikono yake iliyokuwa juu ya meza. Kwa miaka yote ile alikuwa amelala na jambo moja linalomshikilia: kwamba ukweli upo, uko chini pale nje ya mji, umefungwa fundo, na siku wakitaka kweli watauona. Sasa aliona kwamba hata ukitolewa hautasema kitu. Shaba ni shaba. Hata vita vile, vilivyomla Oswald na magoti yake, alikuwa amebaki navyo peke yake duniani, na mtu mwingine aliyevikumbuka alikumbuka kwamba Feliksi amekufa.

"Kuna shahidi wa nishani hiyo?" Elia aliuliza.

"Hakuna."

Elia aliinuka, akaufunga mlango, akarudi. Aliiweka kalamu mbali kidogo.

"Mzee, bibi yangu hutamka maneno kama unavyoyatamka wewe. Nikikusikiliza namsikia. Sasa nisikilize kama mjukuu. Ukishikilia hadithi hii, umekiri kwamba ulitoa taarifa za uongo. Faili linapanda juu, huko juu hakuna haraka, na mwisho wa mwezi mabasi yanaondoka. Lakini iko njia fupi. Sema wewe ni mvuvi wa Kagunga, ulimsaidia mwanamke mkimbizi aliyekuwa anakufa, ukapanda naye kwa huruma. Gatini kulikuwa na vurugu, wakakuchukua vidole kwa makosa. Watu wa aina hiyo walikuwepo, tumewafuta wengi. Mwenyekiti wa kijiji atathibitisha ulizaliwa pale. Leo hii nalimaliza: lako, la binti yako, na la watoto wake."

"Na mke wangu?"

"Mke wako alizama ziwani. Waliozama hatuulizi kaburi."

"Na yule aliyelala kule?"

Elia aliitazama kalamu. "Yule atabaki alivyoandikwa. Mrundi, asiye na ndugu."

Nje mtu alikohoa. Agnesi alimshika baba yake kiwiko. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa chumvi na mchanga wa dagaa, na hakuna sabuni iliyowahi kuitoa harufu yao.

"Baba."

"Nimesikia."

"Baba, mama alishakufa. Sisi bado." Alikaza mkono kwenye kiwiko. "Watoto wameacha kutoka nje, wanaitwa majina. Wakikupeleka ng'ambo utakaa kwa nani? Sema tu. Mama angekwambia useme."

Feliksi alijaribu kuisikia sauti ya Skolastika ikimwambia aseme. Alimtafuta mwanamke wa ndimu na kicheko, amtanie, amwambie niachaje, wameketi mlangoni kwangu. Hakusikia chochote. Alimwona tu kwenye sitaha ya meli, ameshika pindo, anamtunzia. Alikwenda vitani bila kuitwa, alisimama kwenye maji ya Lukaya risasi zikipita kama nyuki, na hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa kalamu ile iliyokuwa ikirudi mkononi mwa kijana mpole.

"Naandika, Mzee," Elia alisema, na sauti yake ikawa ya ofisini tena. "Mwanamke aliyezikwa siku ile, aliyeandikwa kwa jina la Skolastika Nahimana. Alikuwa nani kwako?"

Feni haikuzunguka. Agnesi alikuwa amefumba macho, lakini mkono wake haukulegea kwenye kiwiko cha baba yake.  Mzee aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua, pale upande wa kushoto wa shati lililopigwa pasi, na akasema kwa sauti ndogo ambayo binti yake peke yake aliisikia kwanza:

"Simjui."